Kiti cha Bwana Shamba

Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mke wake, mbele ya wageni, alisema "Bwana Shamba ametoka" au "Bwana Shamba amepumzika," utadhani anamtaja mpangaji wa chumba cha uani. Nilimfahamu zaidi ya miaka ishirini, na jina lake kamili nililiona mara ya kwanza kwenye kadi ya hospitali. Nilimuuliza muuguzi kama hakuchanganya kadi.

Naandika habari zake nikiwa na hasira. Sehemu ya hasira hiyo ni juu yake, kwa sababu alikuwa na kinywa na hakukitumia. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe, na sitamgawia mtu mwingine.

Kila anayelima kahawa kati ya Kihanga na Rubwera ana habari yake ya kugombana na Bwana Shamba. Yangu ni hii. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimepanda miche ya kahawa katika kibanja chetu cha Kihanga, pembeni ya migomba, najisifu kwa kila apitaye. Akaja na pikipiki yake ya serikali, akaegesha, akanisalimia vizuri, akatoa mfukoni kijiti alichokichonga alama kwa kisu. Akapima mche wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Alipofika mwisho wa mstari akasema, "Mama, mstari huu wote ng'oa."

Nikamwambia nilipima kwa hatua.

"Hatua zipi? Zako za asubuhi, au za jioni ukiwa umechoka?"

Niling'oa huku nikimtukana kwa Kinyambo, nikidhani haelewi. Alielewa kila neno. Alipomaliza kunisaidia kupanda upya, alinirekebisha tusi moja nililolikosea, akawasha pikipiki akaenda zake. Kahawa zile ndizo zilizonisomeshea watoto, na ndizo zilizonifungulia duka la pembejeo pale Omurushaka.

Tangu siku hiyo hatukuachana. Dukani kwangu alikuwa akiwatuma wakulima na vikaratasi: mpe huyu mbolea hii, huyu usimuuzie dawa ile hata akilia. Nikibisha, anakuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu, shimo la mche, kina cha udongo, umri wa shina, na alidharau sana neno "kama". Mkulima akisema shimo lina kina kama cha mkono, anamwambia aingize mkono.

Ulipoingia mnyauko wa migomba, watu walimchukia kabisa. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akisema mgomba mgonjwa ukatwe, uzikwe, na panga lipitishwe kwenye moto kabla halijagusa mgomba mwingine. Kwetu kumwambia mtu akate migomba yake ni kumwambia abomoe jiko. Kule Rugu, baba mmoja ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakaanza maisha kwenye shamba hilo hilo, alimfukuza mpaka barabarani na hilo hilo panga. Kesho yake Bwana Shamba alirudi kwa baba huyo. Alikuwa amefunga machipukizi safi nyuma ya pikipiki, mzigo unaomzidi yeye mwenyewe, ameyatoa upande wa pili, huko Kyerwa. Walipanda wote wawili tangu asubuhi bila kusemezana, wakala pamoja, wakaagana. Baba yule ndiye aliyekuja kuanzisha kikundi cha kahawa cha Rugu, na hakukubali mtu mwingine awafundishe.

Kitu kimoja Bwana Shamba hakukisamehe: mkulima anayeficha ugonjwa. Wapo waliokuwa wakifunika shina bovu kwa majani makavu akija, ili asiwaambie wakate. Hao aliwafokea mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Mimi sikuja kukufurahisha," alikuwa akisema. "Nionyeshe panapouma." Nimemsikia akiyasema hayo mara nyingi kiasi kwamba watoto wangu waliigiza sauti yake jikoni.

Sasa mgongo wake.

Miaka yote hiyo alipanda pikipiki. Wilaya ilipogawanywa akapelekwa Rubwera, kwenye wilaya mpya, lakini Jumamosi alirudi upande wetu kuwaona watu wake wa zamani. Nyuma ya pikipiki hapakukosa kreti la miche, na kreti likisukuma mbele yeye huinamia usukani, na barabara zetu mnazijua. Mgongo ulianza kumwasi kabla hajastaafu. Neno la kuuma hakulitumia. Alisema, "Leo mgongo unaongea." Siku mbaya sana alisema, "Leo unahutubia." Tulicheka naye, na kucheka huko kulikuwa njia yake ya kufunga mjadala.

Kwenye mikutano alisimama nyuma kabisa, bega ukutani. Watu walidhani ni unyenyekevu, wakamkimbizia kiti. Alikipokea kwa shukrani, akaweka kofia yake juu ya kiti, akaendelea kusimama. Kanisani aliniambia kitu ambacho sijui kama alimwambia mwingine. Alisema misa yote ilikuwa kazi, isipokuwa pale wanapoambiwa wapige magoti. Akipiga magoti, kifua kikiegemea benchi la mbele, mgongo unanyamaza. "Wenzangu wanaona nina imani," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Na alikuwa mtu wa kupokea. Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyotumaliza. Kwetu mgeni hupewa kahawa za kutafuna, na anazipokea. Bwana Shamba hakuwa na magego tena, lakini alipokea kila nyumba, akazisifu, akazitia mfukoni. Mke wake alikuwa akifua koti anatoa kahawa kwa viganja. Na mzazi akiletewa kitu na watoto wake, anakipokea kwa mikono miwili, anakisifu papo hapo mbele za watu, na habari ya kasoro haisemwi, leo wala kesho. Kukisema vibaya ni kuwaaibisha watoto. Shati lililobana linavaliwa. Bwana Shamba, aliyeng'oa mstari wangu mzima kwa sababu ya upana wa kiganja, alikuwa na kabati la mashati yasiyomtosha.

Alipostaafu aliendelea kwenda kwa wakulima, mpaka ikafika siku hakuweza tena kunyanyua mguu kupita tangi la pikipiki. Akajaribu bodaboda. Alirudi kutoka Rugu akiwa amekunjika, dereva wa bodaboda na mke wa Bwana Shamba wakambeba kumwingiza ndani. Nilipokwenda kumwona alikuwa amelala chali kwenye mkeka, miguu juu ya stuli.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Mama Koku. Karibu huku chini."

Nikakaa sakafuni. Akaniambia kahawa za Rugu zimefika mwaka wa kuchagua mashina. Kila mti una mashina mengi, lazima yaachwe matatu au manne mazuri, na asiyejua anakata mazuri anaacha mabovu. Aliwaahidi kwamba atakwenda mti kwa mti. Kisha akasema, bila mzaha wowote, "Nikifungiwa humu ndani nitakufa. Sikutishi. Najijua."

Siku chache baadaye Deo, mwanawe mkubwa anayefanya kazi Mwanza, alinipigia simu. Yeye na wadogo zake walikuwa wamechanga. "Shangazi," akasema, ananiita hivyo ingawa hatuna udugu, "wewe unaendesha, unajua magari. Tutafutie gari ndogo ya juu, mzee apande bila kusumbuka, akae vizuri. Tumekuachia wewe."

Nilivimba kichwa. Ni kweli naendesha pikapu yangu mwenyewe tangu mume wangu alipofariki, nabeba mbolea mpaka mpakani, na wanaume wa Omurushaka wamezoea kuniuliza habari za klachi. Lakini kujua klachi si kujua mgongo wa mtu. Hilo halikunijia hata kidogo.

Nilimuuliza yeye mwenyewe mara moja tu. "Bwana Shamba, ungependa gari ya namna gani?"

"Yenye matairi manne."

"Sitanii mimi."

"Watoto wamekupa kazi, ifanye. Mimi nitapanda."

Nilichukua fundi mmoja wa pale Omurushaka tukaenda kutazama. Tulitazama magari matatu. La kwanza lilikuwa la chini, tukaliacha kabla halijawashwa, kwani tumbo lingebaki kwenye mawe ya Rugu. La pili lilikuwa Rubwera, la mtumishi aliyekuwa amepata uhamisho. Lilikuwa na umbo la sanduku, rangi ya kijani iliyopauka, viti vya kitambaa vilivyonyooka, vigumu kama benchi. Matairi manene, ya kizamani. Fundi alisikiliza injini akasema ni nzima kabisa. Mimi nilibonyeza kiti kwa kiganja, kikakataa kubonyea, nikasema, "Mgonjwa wa mgongo umkalishe hapa? Utamuua."

La tatu lilikuwa Kayanga, kwa mfanyabiashara mmoja. Rangi ya fedha, limeng'arishwa mpaka unajiona. Rimu kubwa, matairi membamba ya kisasa. Viti vya ngozi. Nikabonyeza kwa kiganja, mkono ukazama. Nikabonyeza tena kwa viganja viwili, vile tunavyobonyeza godoro dukani, nikamwangalia fundi, naye akatikisa kichwa kwa furaha. Tukalijaribu barabarani, kutoka Kayanga mpaka Omurushaka na kurudi. Lami tupu. Lilikwenda bila mtikisiko, kikombe cha chai kisingemwagika. Nikampigia Deo simu nikiwa bado nimekaa ndani yake. Nilisema, "Nimepata. Baba yako atasinzia humu."

Mtu atauliza kwa nini sikumpeleka mzee mwenyewe akakaa kwenye viti vyote viwili. Nimejiuliza hivyo hivyo mpaka nimechoka. Jibu ni kwamba zawadi haionyeshwi kabla. Inafichwa, inaletwa siku yake, watu wameitwa, chakula kimepikwa. Tulilificha gari lile nyumbani kwangu wiki nzima, nimelifunika turubai, kama bibi harusi.

Siku yenyewe Deo alikuja na wadogo zake. Padre alikuja kubariki. Majirani walijaa uwanjani. Baada ya maji ya baraka wakamwambia mzee apande. Alikuwa amevaa suti. Alifungua mlango wa mbele, akageuka, akajishusha, na kiti kikammeza. Magoti yake yalipanda juu karibu na kifua. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na niliona mkono wake wa kushoto ukiruka kushika mpini ulio juu ya mlango, ukashika mpaka vifundo vikabadilika rangi. Uso wake ulikuwa unatabasamu.

"Ipo vizuri sana," akasema. "Vizuri sana, wanangu. Mungu awabariki. Mama Koku, asante waitu, mtu wetu."

Vigelegele vikapigwa. Niliuona mkono ule. Nikajiambia ni furaha.

Miezi ya mwanzo alikwenda Rugu kila wiki. Dereva wake aliitwa Jovini, mtu mzima mwenye familia, aliyeacha bodaboda kwa ajili ya kazi hiyo. Nilikuwa nawaona wakipita Omurushaka, mzee kakaa mbele na kofia yake, ananipungia. Nilijisikia vizuri. Nilipiga hesabu ya siku za kuchagua mashina, nikaona watamaliza kabla ya mvua.

Kisha wateja wakaanza kusema dukani kwamba Bwana Shamba siku hizi amekuwa mtu wa sala. Mama mmoja wa Rugu alisema, "Hata garini anasali. Tunamwona anapita amepiga magoti kule nyuma." Mwingine akasema labda ameona ndoto. Nilicheka pamoja nao. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, nilicheka, na nikaongeza utani wangu juu yake.

Wiki iliyofuata nilikuwa napeleka mzigo wa mbolea kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Rugu, ile sehemu iliyojikunja kama bati. Gari la fedha likaja mbele yangu taratibu. Mbele alikuwa Jovini peke yake. Tulipopishana nikatazama nyuma, nikamwona. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kati ya viti, ameelekea lilikotoka gari. Kifua kimelala juu ya kiti cha nyuma, mikono imekikumbatia, kofia kichwani. Gari lilipogonga shimo, mwili wote ulirushwa, akashuka tena taratibu. Aliponiona alinyanyua mkono akanipungia.

Sikuweza kuendelea kuendesha. Niliegesha pembeni nikalia, kisha nikageuza, nikawafuata mpaka kwake. Mzee alipokwisha ingia ndani nilimshika Jovini kola ya shati.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema nikitoa neno kwako au kwa Deo nisirudi kazini. Kwenye lami anakaa mbele, ili watu wamwone amekaa. Lami ikiisha ananiambia, Jovini, simama. Anahamia nyuma. Ile siti ya mbele, mama, inamvunja katikati. Na zile tairi zinapeleka kila jiwe mgongoni."

Nilimwachia. Nilitaka kuingia ndani nimseme yule mzee, nimkumbushe wakulima aliowafokea. Nilifika mlangoni nikasikia anamwambia mke wake kwamba leo safari ilikuwa nzuri. Nikarudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili ni kubwa kuliko la kwanza. Ningempigia Deo simu siku ile ile. Ningesema nimekosea kuchagua, tuliuze hili, lile la Rubwera bado lipo. Nilishika simu mara nyingi. Nikawaza watoto walivyojinyima, padre alivyobariki, watu walivyopiga vigelegele, na jina langu. Nikawaza kwamba yeye mwenyewe hataki lisemwe, basi mimi ni nani. Nilimnunulia mto wa kuweka kiunoni. Aliupokea, akausifu.

Mvua zikaanza na gari likaegeshwa. Kwanza sababu ilikuwa utelezi. Kisha ikawa bima. Kisha Jovini ana msiba kwao. Kuku wakaanza kulala chini yake. Kikundi cha Rugu walisubiri, wakatuma watu mara mbili, mwisho wakaogopa kuchelewa wakaingia shambani wenyewe na misumeno. Yule baba aliyewahi kumfukuza na panga alikuja dukani kwangu baadaye akiwa na tawi mkononi. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Tumekata yale ambayo hayakutakiwa kukatwa. Tulimsubiri." Alikuja kununua mbolea, kana kwamba mbolea ingerudisha shina.

Sijui nani alimpa mzee habari hizo. Mke wake aliniambia kwamba siku aliyozisikia aligeukia ukuta, na chakula cha siku hiyo na kesho yake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Tulimpeleka hospitali nyuma ya pikapu yangu, amelala juu ya godoro, mke wake ameshika kichwa. Gari la fedha lilibaki uwanjani. Huko tulimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mdogo tu, mwenye sauti ya upole. Alimgusa, akamgeuza, akamuuliza anasafiri kwa chombo gani. Mimi nikaeleza gari lilivyo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza polepole.

"Mama, mgonjwa huyu anahitaji kiti cha usawa wa makalio yake akiwa amesimama, au chini kidogo, ili asichuchumae wala asikwee. Kiwe kigumu. Nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Hapa kiunoni pawe na kitu kinachomshika. Na matairi manene yanayomeza mashimo. Ninyi mlimweka kwenye godoro linalotembea."

Nilikuwa naliona lile sanduku la kijani la Rubwera mbele ya macho yangu. Kila alichotaja, lilikuwa nacho. Nililibonyeza kwa kiganja hiki.

Nilianza kulitafuta. Lilikuwa limeuzwa kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo Rubwera. Nikaenda. Nilimsihi aliuze, nikamwambia ni la nini. Alinisikiliza kwa huruma, alikuwa mmoja wa waliosaidiwa kupanda kahawa na Bwana Shamba. Akasema hawezi kuuza, ndilo linalompeleka mama yake kliniki, lakini atanipa kwa siku moja. "Mpeleke anakotaka," akasema. "Jioni unirudishie."

Nilifika kwa mzee asubuhi. Alikuwa amekonda sana. Nilimwambia nimekuja na gari jingine, ajaribu. Hakuuliza swali. Alitoka akitembea kwa fimbo na bega la mke wake, akafika mlangoni mwa gari, akageuka, na makalio yakakutana na kiti bila kujishusha. Akavuta mguu mmoja, kisha wa pili. Akaegemea. Mikono yake ikabaki mapajani, haikutafuta pa kushika.

Nilimsikia akitoa pumzi ndefu.

"Hapa nimekaa," akasema.

Nikamuuliza kama twende Rugu. Akatikisa kichwa kukubali, haraka kama mtoto. Nikawasha, nikatoka uani taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha maishani. Tulipita lango. Tulipita nyumba ya kwanza. Kwenye jiwe la kwanza la barabara alifumba macho, kwenye la pili akashika mkono wangu uliokuwa kwenye gia.

"Turudi, Mama Koku. Huu mgongo umeshamaliza safari."

Nikarudi kinyumenyume mpaka uwanjani, kwa sababu nilishindwa kugeuza. Nikazima injini. Hakutaka kushuka. Alisema amemaliza miezi hajakaa wima bila kusikia kitu, basi akae kidogo. Mke wake akamletea chai akanywa humo humo garini, mlango wazi, akitazama kahawa zake za nyumbani. Majirani wawili walipita wakamwamkia, naye akaitikia akiwa amekaa kama mtu mwingine yeyote. Jua likapanda, likaanza kushuka.

"Hili wanaliuza?" akaniuliza.

"Hapana. Nimeazima. Jioni nalirudisha."

Akapapasa kitambaa cha kiti kwa kiganja. "Ulikuwa umeliona kabla ya lile letu?"

Ningeweza kudanganya. "Nililiona. Nilisema kiti kigumu."

Hakunilaumu. Aligeuzia macho mistari ya kahawa.

"Mwaka jana lingenifikisha Rugu."

"Lingekufikisha."

"Basi usimwambie Deo," akasema. "Alitoa kwa moyo wake wote."

Ilipofika saa kumi tulimshusha, mimi upande mmoja na mke wake upande wa pili. Nilirudisha gari Rubwera kama nilivyoahidi.

Tulimzika kabla msimu wa kahawa haujaisha. Watu walikuja kutoka wilaya zote mbili, mpaka uwanja ukafurika hadi barabarani, na gari la fedha lilikuwa limeoshwa likaegeshwa karibu na jeneza. Deo alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Alimshukuru padre, akawashukuru wakulima, kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu. Alisema anamshukuru Mama Koku, aliyemchagulia baba gari zuri, kwa sababu angalau mwaka wake wa mwisho baba alikaa raha.

Watu wakapiga makofi. Nilisimama, kama inavyotakiwa, nikainamisha kichwa, nikasema asante.